UJIRANI MWEMA: SOMO LA WEMA WA KILA SIKU

Watu wa Kenya si wachoyo wakati wa msiba mkubwa. Tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuka katikati ya mji wa Nairobi na kuua watu zaidi ya 200, raia wa kawaida waliondoa vifusi kwa mikono yao, wenye motokaa waliwachukua majeruhi mpaka hospitali, na watu walipanga foleni ili kutoa damu. Mwaka 2011, ukame ulipoleta njaa kaskazini mwa nchi, ulianzishwa mchango wa kupokea fedha kwa njia ya simu, lengo lake likiwa shilingi milioni 500. Lengo hilo lilipitwa, na wengi waliotoa hawakuwa matajiri. Wazee walisema kweli: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Lakini ujirani haupimwi kwa siku ya msiba mkubwa peke yake. Mtu aweza kutoa shilingi zake kwa ajili ya wenye njaa walio mbali, na jioni ile ile akapita mlangoni pa mjane ambaye moshi haujaonekana jikoni mwake tangu asubuhi, wala asiulize neno. Si kwamba ana roho mbaya. Msiba mkubwa hupiga kelele, na kila mtu husikia. Shida ndogo hunyamaza, na mwenye shida hiyo aghalabu huona haya kuitaja. Somo hili lahusu shida ya namna hiyo: jinsi inavyotambulikana, jinsi inavyosaidiwa, na kwa nini msaada umwondoleao mtu heshima yake haustahili kuitwa wema.

1. Salamu ni macho ya jirani

Wageni wafikao Afrika ya Mashariki mara nyingi hustaajabia urefu wa salamu. Mtu huulizwa habari za nyumbani, za watoto, za kazi, za mifugo na za mvua, na kila mara hujibu ya kuwa ni njema. Kwa asiyejua, maneno hayo ni kupoteza wakati. Kwa mwenyeji ni njia ya kuujua mji wa jirani bila kuingia ndani na kupekua.

Desturi yamtaka mtu ajibu “njema” kwanza, hata ikiwa mambo yake si mema. Shida yenyewe hufuata nyuma:

— Habari za nyumbani, mama?
— Njema, baba. Ila huyu mdogo hakulala jana.

Habari yote imo katika neno lile “ila”. Mtu mwenye haraka, aishiaye kwenye “njema” na kwenda zake, hudhani amesalimu, kumbe amesikia nusu tu. Basi wema wa kwanza hauna gharama yo yote: ni kusimama kitambo kidogo mpaka jibu limalizike, na kuuliza swali moja zaidi. “Pole, mama. Ana nini huyo mdogo?”

Ziko salamu nyingine zisizo na maneno. Jiko lisilotoa moshi, mlango uliofungwa mpaka jua likawa kali, mtoto aliyeacha kwenda shule katikati ya muhula, mzee asiyeonekana mahali alipozoea kuketi, ng'ombe wanaolia zizini wakati wa kukamwa umekwisha kupita: hayo yote ni maneno kwa jirani aangaliaye. Kuyaangalia si umbeya. Mmbeya huona na kwenda kusimulia. Jirani mwema huona na kwenda kupiga hodi.

2. Kazi ya kusaidiana

Makabila mengi ya Kenya yalikuwa na desturi ya kufanya kazi kwa zamu katika shamba la kila mtu. Wakamba huiita mwethya, Wakikuyu huiita ngwatio, na Waluo huiita saga. Desturi hizo hazikufanana katika kila jambo, lakini mfano wake ulikuwa mmoja. Mtu mwenye kazi imshindayo, kama kulima, kupalilia, kuvuna au kujenga nyumba, aliwaita jirani zake. Nao walikuja na majembe yao. Naye aliwapa chakula kwa kadiri ya uwezo wake. Siku nyingine yeye naye alikwenda kwa mwingine.

Yafaa kutazama kwa makini jinsi desturi hiyo ilivyolinda heshima ya watu. Aliyesaidiwa hakuwa mwombaji, kwa maana kila mtu alijua ya kuwa zamu itafika naye atalipa kwa nguvu za mikono yake. Aliyesaidia hakuwa mfadhili wa kuinamiwa, kwa kuwa alikuwa akilipa deni au akiweka akiba. Hata mwenye mali ndogo alikuwa na kitu cha kutoa, yaani siku moja ya kazi.

Habari za Machakos zaonyesha jambo hili vizuri. Katika miaka ya 1930 na 1940, udongo wa wilaya hiyo ulikuwa ukichukuliwa na mvua, na vilima vingi vilibaki vitupu. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kuchimba matuta, nao waliichukia kazi ile, kwa sababu waliiona kuwa ni ya wengine. Katika miaka ya 1950 njia ilibadilishwa. Kazi iliwekwa mikononi mwa vikundi vya mwethya, na watu wakajichagulia viongozi wao wenyewe. Wengi wa waliochimba walikuwa wanawake. Matuta yalienea upesi, na baadaye mtindo uitwao fanya juu, ambao udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu wa mteremko, ukajulikana hata nje ya wilaya ile. Jembe lilikuwa lile lile na kilima kile kile, ila sasa watu walikuwa wakisaidiana kwa hiari, si kwa kuogopa adhabu.

Neno harambee lina asili kama hiyo. Lilikuwa wito wa watu wavutao au wainuao kitu kizito kwa pamoja. Mwaka 1963 Jomo Kenyatta alilifanya kuwa mwito wa taifa, na limeandikwa katika nembo ya Kenya. Kwa harambee wananchi walijenga shule nyingi na zahanati nyingi. Lakini katika miaka iliyofuata, mikutano mingine ya harambee iligeuka kuwa mahali pa wakubwa kutangaza vipawa vyao, na wadogo kudaiwa fedha wasizokuwa nazo. Kwa hiyo Sheria ya Maadili ya Watumishi wa Umma ya mwaka 2003 iliwakataza watumishi hao kutumia vyeo vyao kukusanya michango ya harambee. Msomaji ataona ya kuwa kosa halikuwa katika kusaidiana. Kosa liliingia pale msaada ulipoanza kufanywa kwa kulazimishana na kwa kujionyesha.

Siku hizi wengi hawana nafasi ya kukaa siku nzima katika shamba la jirani. Hata hivyo mwethya mdogo wawezekana. Watu watatu wakiamka mapema siku ya Jumamosi, waweza kumpalilia mzee robo eka ya mahindi kabla jua halijawa kali. Kijana aendaye kuteka maji kwa punda aweza kuongeza dumu moja la mama aliyejifungua juma lililopita. Kazi hizi ni ndogo, lakini magugu hayamngoji mzee apone, wala maji hayajileti yenyewe nyumbani.

3. Nyumba yenye mgonjwa

Mahali ambapo wema wa jirani waweza kuokoa uhai ni nyumba yenye mgonjwa. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Daktari na ndugu waliomo mjini huenda wakafika wakiwa wamechelewa. Kwa hiyo ni vema kila jirani ajue mambo machache.

Mtoto mdogo aharaye hufa kwa kupungukiwa na maji na chumvi mwilini, na jambo hilo laweza kutokea upesi. Zahanatini hutolewa pakiti za dawa ya kuchanganya na maji, pamoja na vidonge vya zinki, na hizo ndizo bora. Ikiwa pakiti hazijapatikana, jirani aweza kumsaidia mama kutengeneza maji ya namna hii: maji safi yaliyochemshwa yakapoa, lita 1, sukari, vijiko vidogo 6 visivyojazwa kupita ukingo, chumvi, nusu ya kijiko kidogo. Vipimo visizidishwe, kwa kuwa chumvi nyingi hudhuru. Mtoto anyweshwe kidogo kidogo, na kama anyonya, aendelee kunyonya. Macho yakididimia, au akiwa mlegevu, au akikataa kunywa, au kukiwa na damu katika choo, apelekwe kwa mganga wa hospitali bila kukawia. Hapo jirani mwema ni yule abakiye na watoto wengine nyumbani ili mama aweze kwenda.

Ugonjwa wa pili wa kutajwa ni kifua kikuu. Mtu mwenye kikohozi cha majuma mawili au zaidi yampasa akapimwe. Katika hospitali za serikali dawa zake hutolewa bila malipo, na kwa kawaida humezwa kwa muda wa miezi 6. Ugonjwa huu huambukizwa kwa hewa atoayo mgonjwa anapokohoa. Hauambukizwi kwa kupeana mkono wala kwa kutumia sahani moja. Aliyekwisha kuanza dawa na kuzimeza sawasawa, hatari ya kuambukiza wengine hupungua sana baada ya muda mfupi.

Lakini wako wagonjwa waachao dawa katika mwezi wa pili au wa tatu. Wengine huacha kwa kuwa wamepata nafuu. Wengine kwa kuwa dawa ni kali na chakula hakitoshi. Na wengine kwa sababu watu wameanza kuwakimbia, nao hawataki kuonekana wakiingia mlango ule wa hospitali. Dawa ikiachwa, ugonjwa hurudi, na huenda ukarudi ukiwa mgumu kuliko kwanza. Basi jirani apelekaye bakuli la uji asubuhi, akaketi kidogo penye hewa, akauliza kwa upole, “Umekwisha kumeza za leo, ndugu yangu?” amefanya kazi ambayo daktari hawezi kuifanya. Na yule asemaye kisimani, “Msiende kwa fulani, ana kifua,” huenda akawa amemzuia mtu asipone, na kuwaweka hatarini watoto wa mtaa mzima.

4. Kusaidia bila kuaibisha

Mwenye shida hulemewa na mizigo miwili: shida yenyewe na haya. Msaidizi asiyefikiri humpunguzia wa kwanza na kumwongezea wa pili. Unga uliotolewa mbele za watu, pamoja na maneno mengi, hushibisha watoto jioni moja, lakini mama yao huenda asithubutu kuomba tena hata watoto wakilala na njaa. Kwa sababu hiyo yafaa kushika mambo manne.

Kwanza, kitu kipelekwe kimya. Wazee walipenda kumtuma mtoto jioni na kikapu kilichofunikwa, na ujumbe mfupi: “Mama asema mahindi yetu mwaka huu yamezidi.” Siku hizi wako watu wampelekeao maskini kilo mbili za unga, kisha wakampiga picha kwa simu na kuisambaza. Picha ile itabaki hata unga ukiisha, na watoto wa nyumba ile wataiona watakapokuwa wakubwa.

Pili, anayesaidiwa aachiwe nafasi ya kulipa. Mwanamke aliyepewa unga akileta fungu la mboga baada ya siku chache, si adabu kumwambia, “La, chukua, wewe huna kitu.” Mboga zile ni heshima yake. Anayezipokea kwa furaha humwonyesha ya kuwa wao wawili bado ni jirani, wala hapana bwana na mtumwa.

Tatu, wema usigeuzwe kuwa deni la kudaiwa katika ugomvi. Mbuzi akiingia shambani, mambo ya mbuzi yazungumzwe kama mambo ya mbuzi, wala mtu asiseme, “Umesahau mimi ndimi niliyelipa karo ya mwanao?” Tenda wema, nenda zako.

Nne, asiyekuwa na kitu aseme kweli. Wema hautaki mtu awanyime watoto wake chakula ili asifiwe, wala kukopesha fedha ambazo akizikosa atamchukia aliyezikopa. Ni afadhali kusema, “Leo sina fedha, baba, lakini kesho asubuhi nitakuja tupige fensi pamoja,” kuliko kuahidi mia tano na kujificha siku ya kuzitoa. Ahadi isiyotimizwa ni mbaya kuliko kukataliwa, kwa kuwa mwenye shida hungoja na kuacha kutafuta njia nyingine.

5. Jirani wa mjini

Mashambani mtu hujulikana kwa baba yake na kwa kilima chake. Mjini hali ni nyingine. Katika ploti moja watu wa vyumba kumi au ishirini hutumia bomba moja na choo kimoja, na huenda kila chumba kina lugha yake. Wengine huondoka alfajiri na kurudi usiku. Mtu aweza kuugua siku tatu, na ukuta wa bati tu ukamtenga na mwenziwe asiyejua hata jina lake.

Kwa hiyo mjini yampasa mtu aanze mwenyewe. Anayehamia ni vizuri apite katika milango iliyo karibu ajitambulishe. Na aliyemtangulia ni vizuri amwonyeshe mgeni zamu ya kufagia ua, siku ya maji, na duka linalouza kwa bei ya haki. Majirani wawili wakipeana namba za simu, pamoja na namba ya ndugu mmoja wa kila mmoja, wamefanya jambo kubwa: siku ya ugonjwa, moto au wizi, watajua pa kuanzia.

Faida ya mambo haya madogo ilionekana siku mbaya. Katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,000 waliuawa, na mamia ya maelfu walifukuzwa makwao. Wako waliowageukia majirani zao, na jambo hilo si la kufichwa. Lakini wako pia waliowaficha majirani wa kabila jingine ndani ya nyumba zao, wakawalisha, na kuwapitisha usiku mpaka mahali pa salama, hali wakijua ya kuwa wenyewe waweza kudhurika kwa ajili hiyo. Ni vigumu kwa mtu kumwita mwenziwe adui, ikiwa mama watoto wao wameazimana chumvi kwa miaka mitano na watoto wao wamelala kitanda kimoja. Chumvi haikuazimwa kwa kutazamia siku ile. Lakini siku ile ilipofika, haikuwa kazi bure.

6. Kazi ya juma hili

Wema haujengwi kwa kusoma, bali kwa mazoea; haba na haba hujaza kibaba. Kila msomaji atakaye kulitumia somo hili aweza kuchagua milango mitatu iliyo karibu naye: mmoja wa mtu mzee au mjane, mmoja wa nyumba yenye mtoto mchanga au mgonjwa, na mmoja wa mtu asiyejuana naye kabisa. Kwa siku saba apige hodi katika kila mlango walau mara mbili, asalimu bila haraka, asikilize hata mwisho, na afanye jambo moja lililo ndani ya uwezo wake. Mwisho wa juma ataona ya kuwa fedha zilizotumika ni chache, na mambo aliyokuwa hayajui ni mengi.

Maswali ya kuzungumzwa nyumbani, chamani au barazani

1. Ni ishara gani katika mtaa au kijiji hiki zionyeshazo ya kuwa nyumba fulani ina shida, ingawa wenyewe hawajasema?

2. Desturi ya kufanya kazi kwa zamu iliitwaje na wazee wa mahali hapa? Ni sehemu gani yake iwezayo kufuatwa siku hizi?

3. Kama mtu mwenye kifua kikuu yumo mtaani, majirani wafanye nini ili amalize dawa zake zote?

4. Kwa nini baadhi ya watu huona afadhali kulala njaa kuliko kupokea msaada? Wenye kutoa wabadilishe nini?

5. Ni nani anayeishi karibu ambaye hapana mtu wa ploti hii au kijiji hiki ajuaye jina lake, na ni nani atakayekwenda kupiga hodi kwake kwanza?